Skafu Arobaini za Madaraka

Mwalimu Chepkwony alileta oda Jumatatu:
skafu arobaini, za kwaya, kabla ya tarehe mosi.
Nyeusi, nyekundu, kijani.
"Na usisahau nyeupe," akasema. "Watu huisahau."

Sikuisahau. Ndiyo iliyonitesa.
Utepe mwembamba kama kamba ya kiatu,
unateleza chini ya mguu wa cherehani,
unakunjamana, unakataa kukaa
kati ya weusi na damu.
Nikashona, nikafumua, nikashona.
Usiku wa tatu stima zikapotea Bondeni nzima,
nikamalizia kwa mkono, kwa tochi ya simu,
nikijidunga kidole, nikikinyonya haraka
bendera ya watu isipate doa langu.

Ya watu. Bado nasema hivyo,
mwaka wa kumi na tatu huu.
Kadi yangu ina neno lake: mgeni.
Nilipanga foleni mara nne kuipata,
naiweka ndani ya kopo la vifungo
pamoja na vile vilivyopotelewa na wenzao.

Faida hana shida hiyo.
Alizaliwa hapa, hospitali ya mkoa,
usiku wa ile baridi inayoshuka kutoka Menengai.
Shuleni, kabla hatujaingia, huninong'oneza:
Mama, sema asante. Usiseme aksanti.
Nami huimeza ile k
kama mwiba wa samaki.

Afraha, saa mbili asubuhi.
Askari langoni akapekua mkoba,
akakuta sindano, uzi, mkasi mdogo.
"Mama, umekuja sherehe ama kushona?"
"Vyote, ndugu yangu."
Mkasi akauchukua.
Kadi hakuiulizia.

Wimbo wa taifa ulipoanza
sikujua mikono niiweke wapi.
Uvira tulifundishwa namna, nimesahau;
hapa hakuna aliyenifundisha.
Nikaiacha ining'inie.
Bwana mmoja kando yangu, koti la suti na malapa,
aliimba ubeti wa kwanza kwa kishindo,
wa pili akaunguruma tu.
Mimi niliujua wa pili. Na wa tatu.
Nyumbani kwangu ulikuwa umeimbwa mwezi mzima
juu ya sufuria zilizoungua.

Kisha kwaya ikaingia, na mvua nayo.
Nikazihesabu skafu
kama nilivyowahi kuhesabu watu
ng'ambo ya mto, alfajiri moja,
hesabu isitimie.
Thelathini na tisa. Nikarudia.
Arobaini: Faida alikuwa amejificha
nyuma ya msichana wa ngoma.

Sikusikia walichoimba.
Nilikuwa natazama rangi.
Nyekundu ile niliinunua kwa bei ya chini,
niliijua tabia yake, nikangoja ivuje.
Ikavuja.
Kwenye vifua vyao nyeupe ikawa waridi,
na hakuna aliyejali,
walipanua midomo wakainywa mvua huku wakiimba,
na yule bwana wa malapa akanipiga bega:
"Watoto wetu hao!"
Nikasema ndiyo.
Nikasema ndiyo mara mbili.

Jioni Nyokabi wa chapati aliuliza,
mkono bado kwenye unga:
"Na nyinyi kwenu, siku yenu ni lini?"
"Tarehe thelathini. Mwezi huu huu."
"Haki? Na hujawahi kusema?"
Akaenda kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo,
ile yenye ng'ombe mnene wa maziwa,
akaizungushia thelathini kidole cha unga.
"Siku hiyo napika mimi. Huwa mnakula nini?"

Nikafikiri. Miaka ya mwisho kule
siku hiyo tulikula tulichopata.
"Bugali," nikasema.
Akacheka mpaka akashika meza.
"Ugali! Hiyo B umeitoa wapi?"

Nilitoka nayo nyumbani, Nyokabi.
Ni mzigo mdogo.
Malaba hawakuukagua.